Asante Niliyomtumia Mama Njoki

Leo nimeaibika mbele ya akina mama kumi na wanne. Nimewahesabu. Nilikuwa na muda mwingi wa kuwahesabu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiongelesha.

Wasee, naandika hii nikiwa kwa kibanda changu hapa Laini Saba, Kibera, mlango nimefunga nusu. Nimeona afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kutoka Kawangware. Huko stori tayari inatembea.

Kwa wale wapya kwa hii group: naitwa Nashon, natengeneza redio na simu kando ya reli, na nina leseni ya kuongea na dunia nzima kwa redio yangu mwenyewe. Si kwa intaneti. Ni kwa waya uliotundikwa juu ya mti. Na siongei kwa mdomo, natuma Morse, zile nukta na vistari, di-daa-di-daa. (Ndiyo, bado iko. Ndiyo, kuna watu wanajibu. Hapana, mimi si jasusi, na keateka anayesimamia nyumba za plot yetu nimeshamwambia mara tatu.)

Jumamosi mimi na Oti, rafiki yangu tuliyefanya mtihani wa leseni pamoja, tunapanda vilima vya Ngong na redio kwa mkoba. Kila kitu kiko tayari: redio ndogo, betri, waya wa antena. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu. Padeli.

Padeli ndicho kidude cha kutumia Morse. Kina vibao viwili vidogo vimesimama, unaviweka katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukibana upande wa kidole gumba, inatoa nukta. Ukibana upande ule mwingine, inatoa vistari. Basi. Tafadhali shikeni hapo: kidole gumba, nukta. Hapo ndipo nilizikwa.

Sasa padeli ya mezani na padeli ya kupanda nayo mlima ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi nilikuwa nazo tatu za kuchagua.

Ya kwanza nimeunda mwenyewe kwa vipande viwili vya msumeno wa chuma na kijiti cha mbao. Ikiwa ndani ya nyumba, inaimba. Ukiitoa nje, vumbi likiingia kidogo tu katikati ya vyuma, inakuwa bubu. Mara ya mwisho niliita watu wa Afrika Kusini dakika ishirini nzima nikishangaa kiburi chao. Hakuna kitu kilikuwa kinatoka.

Ya pili ni ya Oti. Ya plastiki, nyepesi kama biskuti. Shida yake, ukiibonyeza inakimbia. Unatuma herufi mbili, imesonga. Mbili tena, iko ukingoni mwa meza. Lazima uishike na mkono wa kushoto isitoroke. Sasa wakikujibu utaandika na nini? Mdomo?

Ya tatu niliazimwa na mzee mmoja. Shaba tupu. Nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo haikimbii, hata mwizi hawezi kukimbia nayo. Jana niliibeba mgongoni kutoka Laini Saba mpaka Soweto West kuijaribu, nikafika nimeinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Hiyo na Ngong, mtakuja kunibeba mimi na yeye.

Asubuhi ya leo Oti akanipigia.

"Nashon, niaje. Kuna mama Kawangware, pale mtaa wa Kongo, ako na padeli ya marehemu mzee wake. Ndogo kama kiberiti. Shaba. Na iko na mkanda wa kufunga mguuni."

Mkanda wa kufunga mguuni! Wasee, nilisimama. Hiyo ndiyo padeli ya mlimani. Unaifunga pajani, haikimbii, haikuvunji mgongo, na mkono wa kushoto unabaki wa kuandika.

"Anauza?"

"Hauzi. Anapeana bure. Lakini mpaka akusikie kwanza. Wasee watatu wameenda, wote wamerudi mikono mitupu."

"Anisikie aje?"

"Alikuwa mpokeaji wa telegramu, posta, enzi zile. Anataka kujua mkono wako."

Mkono, kwa lugha yetu, ni vile mtu anavyotuma. Kama mwandiko tu. Kuna mtu mkono wake ni mtamu mpaka unataka aendelee hata kama anakueleza hali ya hewa. Kuna mwingine anatuma kama anakanyaga mabati. Mimi nimeambiwa na watu wa mbali, wenye vifaa vya maana, kwamba nina mkono mzuri. (Nimeambiwa mara mbili. Mara moja ilikuwa ni Oti.)

Kwa hivyo nikajiambia: wale watatu walikuwa watu wa kawaida. Mimi ni Nashon.

Nikarudi nyumbani kuvaa shati la Jumapili. Mke wangu Achieng' akaniangalia nikipiga viatu rangi siku ya wiki.

"Unaenda wapi?"

"Kuona mama fulani Kawangware."

"Mama fulani."

"Ni mjane." (Nilidhani hiyo itasaidia.)

Akaweka sufuria chini. Nikamweleza yote, padeli, posta, marehemu, mkono. Akasikiza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Lakini usijifanye." Hayo tu. Usijifanye. Kama ningeandika hilo neno moja kwa kiganja, saa hii ningekuwa mtu mwingine.

Nikachukua boda. Kwa mfuko nilibeba hedfoni zangu na kile kisanduku changu kidogo cha mazoezi, kile ambacho ukichomeka padeli kinatoa sauti bila redio. Hakina spika. Sauti inaenda kwa hedfoni tu, kwa sababu niliishi miaka minne na jirani anayelala mchana. Kwa hivyo ni mtu mmoja tu anayesikia. Na hilo nalo lilinimaliza.

Plot ya Mama Njoki ina geti la bluu na nyumba za kupangisha pande zote mbili. Nilipoingia nikakuta viti vya plastiki vimepangwa uani, akina mama wamevaa vitambaa vya kanisa, thamosi tatu mezani, sahani ya viazi vitamu. Nikataka kurudi nyuma.

"Ingia, ingia, kijana. Wewe ndiye yule wa redio?"

Huyo ndiye alikuwa Mama Njoki. Miaka sabini na kitu, miwani mikubwa, sauti ya chini. Na mama wa mwili. Nasema kwa heshima. Kiti chake hakikuwa cha plastiki.

"Ndiyo, mama. Naitwa Nashon. Habari za hapa?"

"Ni nzuri. Hawa ni wenzangu wa ushirika. Wamekuja kunipongeza, kwa hivyo leo utavumilia kelele."

"Hongera, mama! Ni ya nini?"

Jibu lilitoka kwa katibu wao, Mama Kevo, mwembamba, ana daftari mkononi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Amepungua! Daktari alimwambia magoti yatakufa, apunguze mwili. Miezi mitatu hajaonja sukari! Chapati hajaona! Anatembea asubuhi mpaka stendi na kurudi! Leo amepimwa hospitalini, amepungua kilo tisa!"

Makofi. Vigelegele. Mimi pia nikapiga makofi. Mama Njoki akaangalia chini akitabasamu kama msichana, akavuta kitambaa chake vizuri. Mnaona vile mambo yalikuwa yamepangwa?

Nikapewa chai na kiazi. Mama Njoki akaniuliza maswali mawili matatu: nilijifunza wapi, natuma kwa kasi gani, ni kwa nini naitaka hiyo padeli. Nikamweleza kuhusu Ngong, ile ya plastiki inayokimbia, ile ya shaba inayoua. Akacheka. Akaniambia marehemu, Baba Njoki, alikuwa mtu wa redio za meli, na alipostaafu alikuwa akikaa nyuma ya nyumba jioni, padeli imefungwa gotini, akiongea na marafiki aliowaacha baharini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa.

"Mimi ni wa kile cha zamani cha kugonga, kibao kimoja, juu chini, juu chini. Hii ya kubana kwa vidole nilikuwa namwambia ni ya wavivu." Akasukuma miwani juu. "Tulijuana kwa waya. Yeye akiwa kituo cha redio za meli, mimi posta. Nilijua mkono wake mwaka mzima kabla sijaona uso wake. Redio zake nimepeana zote. Hii imekuwa ngumu."

Akatoa kikopo cha majani chai kutoka kwa mfuko wa sweta. Ndani, imezungushiwa leso, ilikuwa padeli. Yawa! Ndogo. Ya shaba, imeng'aa mahali vidole vilikuwa vinashika. Waya wake bado mzima, plagi yake bado nzima, mkanda wa raba na kishikizo chake. Nilimeza mate kama mtoto dirishani mwa duka la keki.

"Nataka nisikie mkono wako," akasema. "Wale wengine walikuwa wanakimbia. Mtu anatuma kama anafukuzwa na mbwa. Nitumie kitu kifupi tu, cha kweli."

Nikaifunga pajani, mguu wa kulia. Ikakaa kama ilizaliwa hapo. Nikaichomeka kwa kisanduku, nikamsaidia kuvaa hedfoni juu ya kitambaa. Mama Kevo akampa penseli na karatasi kutoka kwa daftari. Ua lote likanyamaza. Hata mama aliyekuwa anamenya kiazi akaacha.

"Hutajaribu kwanza?" Mama Njoki akauliza. "Hii hujawahi kuishika. Vaa hedfoni ujisikie kidogo."

Sasa sikizeni jibu langu. Sikizeni, halafu mniombee.

"Mama," nikasema, nikiwaangalia wale wengine kuhakikisha wanasikia, "mpishi hahitaji kuonja maji."

Akina mama wakasema "Eeeh!" Mmoja akapiga mwenzake kofi begani. Nikafunga macho. (Macho! Nilifunga hata macho!) Na nikatuma, polepole, kwa hisia, mabega yakitembea kidogo kama mtu wa kinanda:

ASANTE SANA MAMA.

Mimi sikusikia chochote, hedfoni ziko kwake. Lakini vidole vilikuwa vinateleza kama siagi. Kidole gumba, shahada, gumba. Nikafungua jicho moja katikati. Penseli yake ilikuwa inatembea. Uso wake ulikuwa umebadilika. Midomo imekaza. Macho yameanza kung'aa. Nikajiambia, Nashon, umemgusa. Anamkumbuka mzee. Nikaongeza hisia.

Nikamaliza. Nikakunja mikono.

Mama Njoki akavua hedfoni taratibu, akaziweka mapajani. Akaangalia karatasi. Akaniangalia. Akaangalia karatasi tena.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Lakini yametoka moyoni."

"Moyoni."

"Moyoni kabisa."

Halafu, wasee, mimi mwenyewe, bila kushikiwa bunduki, nikasema: "Isomwe kwa sauti, mama. Wenzako wote wasikie."

"Unataka isomwe?"

"Tena kwa nguvu!"

Akampa Mama Kevo karatasi. Mama Kevo akasimama, akavaa miwani, akasafisha koo. Herufi zilikuwa zimeshikana zote, hakuna nafasi, kwa hivyo akawa anazigawa akienda.

"No-na." Akasita. "Nona."

Nikatabasamu. Nilidhani anatafuta mahali pa kuanzia.

"Nona... e, t. Eti. Nona, eti." Akavuta karatasi karibu. "O-na. Ona. Ni-ni. Ona nini." Akainua kichwa. "Nona, eti! Ona nini!"

Kuku mmoja alipita.

"Halafu kuna N moja imebaki huku mwisho," Mama Kevo akasema.

"N ni ya nini?" mama mmoja akauliza.

"Si yeye ni Nashon?"

"Haiya! Na ameweka hata sahihi!"

Sijui kama mmewahi kutazamwa na macho ishirini na nane kwa wakati mmoja. Ishirini na sita, kwa sababu Mama Njoki alikuwa anaangalia magoti yake.

"Na hata si 'nenepa'," akasema yule wa kiazi, sauti imejaa uchungu. "Amesema 'nona'. Nona ni ya ng'ombe!"

"Kilo tisa!" mwingine akasema. "Kilo tisa mwenzetu amehangaika, halafu mtu anavaa shati anatoka Kibera kuja kumwambia anone!"

"Hapana! Hapana, akina mama! Mimi nimeandika 'Asante sana mama'!"

"Asante inaanza na N?" Mama Kevo akaniuliza, karatasi juu kama mwamuzi na kadi nyekundu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mtu mwenye akili angesema, nipe dakika moja niangalie kifaa. Mimi nikasema hivi, na nayaandika yote ili nijiadhibu:

"Labda mama hakusikia vizuri. Unajua ni miaka mingi, na masikio nayo..."

Mama Njoki alikuwa ameinua kichwa.

"Kijana," akasema, sauti ya chini kabisa, "nimepokea telegramu za misiba. Nimepokea za watoto kuzaliwa, za watu kufutwa kazi, mvua ikipiga mabati hata usijisikie ukikohoa. Hakuna mtu alizika mtu asiyekufa kwa sababu yangu. Sasa leo mimi ni mnene, na pia ni kiziwi?"

Mama mmoja akainuka, akaja mpaka kwangu, akachukua kikombe changu. Kilikuwa na chai nusu. Akachukua na kiazi. Kilikuwa kimeumwa, lakini akakichukua.

Nilitaka ardhi ipasuke, nishuke na shati langu la Jumapili. Lakini nilikuwa nimefungwa padeli mguuni, siwezi hata kutoroka. Nikaomba hedfoni. Akanipa bila kuniangalia. Nikavaa. Nikabana upande wa kidole gumba, ule wa nukta.

Daaaa.

Kistari.

Nikabana ule mwingine. Di.

Nikabana tena gumba. Daaaa. Hii padeli ilikuwa imegeuzwa. Kila nukta niliyotuma ilitoka kistari, kila kistari kikatoka nukta. A inageuka N. S inageuka O. Nikapiga hesabu kwa kichwa: A-S-A-N, N-O-N-A. Nona. T na E, E na T. Sana mama, ona nini. Mpaka ile N ya mwisho. Hakuna herufi moja Mama Njoki alikosea. Alipokea aibu yangu yote neno kwa neno, jinsi ilivyotumwa.

"Mama," nikasema, sauti imebaki kidogo kama ya mbu, "naomba kuuliza. Baba Njoki alikuwa anatumia mkono gani?"

Mama Njoki akanitazama muda mrefu.

"Alizaliwa wa kushoto," akasema.

Nikawaeleza. Nikawaonyesha vibao, huku na huku, nikamvalisha Mama Kevo hedfoni ajisikilizie mwenyewe, nikaandika herufi kwa ile karatasi, hii inageuka hii, hii inageuka hii. Mtu wa mkono wa kushoto anaunganisha waya kinyume, ili gumba lake, ambalo liko upande ule mwingine, libaki la nukta. Nilipofika kwa N-O-N-A, mama wa kiazi akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akaambukiza mwenzake. Ikawa ua zima, vitambaa vinaanguka, mtu ameshika ukuta, mtu anaita "Ngai, nishikilieni!" Hata wapangaji wakatoka milangoni kuuliza kuna nini, na Mama Kevo akawasomea. Kila mmoja aliyetoka, alisomewa upya.

Mama Njoki peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa amenyoosha mkono. Nikafungua mkanda, nikampa padeli.

"Shuleni walikuwa wanamchapa huo mkono," akasema, kama anaongea na padeli. "Walimu, na baba yake pia. Akajifunza kuandika na wa kulia, kula na wa kulia, kusalimia watu na wa kulia. Hata mimi nilikaa naye miaka nikidhani ameshasahau. Na kumbe jioni huko nyuma ya nyumba..."

Kicheko uani kikapungua chenyewe.

"Mama, naweza kuigeuza," nikasema haraka. (Fundi hukimbilia kutengeneza hata pale pasipo na kitu cha kutengeneza.) "Ni waya mbili tu, dakika mbili, itakuwa ya mkono wa kulia..."

"Usiguse."

Nikarudisha mkono.

Akaiweka juu ya goti lake la kushoto, akaniambia nifunge mkanda. Nikapiga magoti kwa saruji nikaufunga. Akaweka kidole gumba na cha shahada mahali pale shaba ilikuwa imeng'aa. Akasogeza kidogo. Vidole vyake vikaingia pale pale. Akavaa hedfoni, akabana, akasikiza. Akabana tena. Alikuwa anajifunza alfabeti aliyoijua maisha yake yote, kwa mkono asiowahi kuutumia.

Akajaribu jaribu hivyo kwa muda, sisi tunangoja. Halafu akavua hedfoni akanivalisha mimi. "Andika."

Alituma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila herufi ilikuwa imenyooka. Niliandika, na nilipomaliza Mama Kevo akaninyang'anya karatasi kabla sijaamua kama naisoma.

"'Nona wewe'," akasoma.

Naapa wasee, kile kicheko kilisikika mpaka barabarani. Na mimi, vile nilivyo mwembamba kama nguzo ya antena, nikacheka pamoja nao. Kikombe changu kikarudishwa, kimejazwa. Viazi vikaja viwili.

Tukakaa hapo mpaka saa kumi. Mama Njoki hakuiondoa padeli gotini. Kila nilipoangalia, kidole gumba kilikuwa kinacheza. Nilipoona jua linateremka nikasimama, nikasafisha koo.

"Nashon," akasema, bila kuinua macho, "utanisamehe. Hii nilidhani naweza kuipeana."

"Mama, hata usiseme."

"Na hiki kisanduku chako cha kusikilizia. Unakihitaji leo?"

Nilikiangalia kisanduku changu. Nimekiunda miezi miwili. Nikaangalia hedfoni zangu, ziko shingoni mwake juu ya kitambaa.

"Sikihitaji, mama. Kaa nacho, pamoja na hedfoni. Jizoeze."

Kwa hivyo, kwa kumbukumbu rasmi: nilienda Kawangware kuchukua kitu kimoja, nimerudi bila hicho kitu, bila kisanduku na bila hedfoni. Nilipokuwa natoka getini, akina mama wote kumi na watatu waliitikia kwa pamoja, "Kwaheri, Nona!" Boda aliyenibeba kurudi tayari alikuwa ameambiwa. Sijui na nani. Aliniuliza kama nimeshiba.

Nyumbani Achieng' aliniuliza swali moja tu. "Ulijifanya?"

Nikamwonyesha mfuko mtupu. Akaenda kupakua chakula. Alipakua mlima, na ninashuku kuna mtu alikuwa amempigia.

Jumamosi naenda Ngong na ile ya plastiki ya Oti. Nimeshaifunga kwa kipande cha raba ya tairi, inakaa pajani vizuri kabisa, haikimbii popote. Ilichukua dakika tano. Ningeweza kuifanya asubuhi.

Oti, usinipigie, hizo missed call kumi na moja nimeziona. Na nyinyi wengine, mtu akikupa chai, sema asante na mdomo.